Kichwa Nilichokinyoa Mimi

Kwanza niseme nimekaa upande gani. Mimi ni wa chuo chetu cha ufundi, kile ambacho uwanja wake uko Cato Manor, udongo mwekundu mtupu, nyasi ziko kwenye kona tu, pale ambapo hakuna anayecheza. Sijasoma pale hata siku moja. Shule niliiacha kidato cha pili kule kwetu Kivu, na hapa Durban mimi ni kinyozi, kwenye saluni moja ya Albert Park, chini ya ghorofa lenye nguo zinazoning'inia kila dirisha. Mlinzi wa geti la uwanja, alipochoka kuniona kila Jumamosi, aliniuliza ninasomea nini. Nikamwambia nasomea vichwa. Akacheka, akanifungulia, na tangu hapo ananiita profesa.

Lakini usidhani mapenzi yangu ni madogo kwa sababu sina kadi ya mwanafunzi. Wenye kadi wengi wanakuja pale kula chipsi na kujipiga picha. Mimi nakuja kuumia.

Tena timu yetu ina alama yangu. Ilianza na winga wetu wa kushoto, mtoto wa Kivu kama mimi, aliyekuwa akiishi na mama yake ghorofa moja juu ya chumba changu. Juu ya sikio lake la kushoto ana kovu, aliangukia bati utotoni, na nywele hazioti pale. Mtu akilitazama, alikuwa anageuza shingo. Ijumaa moja kabla ya mechi nikaona aibu yote hii ya nini. Nikalichukua lile kovu nikalinyoosha likawa mstari, kisha nikachora mstari wa pili chini yake ili lipate mwenzake. Alipojiona kwenye kioo alicheka kwa pua. Kesho yake akafunga mabao mawili. Ijumaa iliyofuata akaja beki, anataka mistari miwili. Halafu kipa. Halafu timu nzima pamoja na wa benchi, na kocha mwenyewe, ambaye nywele zilizobaki pale juu ni za kutafuta kwa tochi.

Kwetu sisi vinyozi wa hapa, watu wa Congo na Burundi, kichwa kina mkono wake. Mkono uliokifungua, yaani uliokinyoa kwanza, ndio unaokitunza. Mteja akikatwa kwa jirani, akirudi kwako utaona kazi ya mtu mwingine nyuma ya masikio, na itakuuma kama umeibiwa. Na kinyozi naye hana ruhusa ya kukifukuza kichwa alichokifungua mwenyewe. Bosi wangu, mama mmoja wa Burundi anayesuka wanawake upande wa dirisha, ana neno lake juu ya hilo: kiti hakina timu. Nililipenda sana neno hilo mpaka siku liliponigeukia.

Sasa wapinzani. Wale wa chuo cha kilimo kutoka bara sina ugomvi nao, ni watu wapole, ila uwanja wao umeinama kama paa, na kila tukienda, sijui kwa muujiza gani, sisi ndio tunaopanda kipindi cha pili, wakati miguu imeshaisha. Wale wa pwani ya kusini wanaanguka. Ukiwapungia mkono wanaanguka. Nimeona beki wao akianguka peke yake, hakuna mtu karibu, kisha akainua kichwa kidogo kutazama kama refa ameona. Wa upande wa Chatsworth nawapenda, nasema wazi, kwa sababu mkishindwa kwao mama zao wanawalisha mkate uliotobolewa katikati na kujazwa mchuzi wa maharagwe, pilipili mpaka machozi, na mtu hajui machozi yale ni ya pilipili au ya mabao matatu.

Lakini kuna wale wa chuo kikuu. Hao nawaita Watu wa Nyasi. Nyasi zao zinamwagiliwa na mitambo inayozunguka yenyewe, hata siku ya mvua. Wana mtu wa kuwakanda misuli. Wana basi lenye rangi za timu, wakati vijana wetu wanafika kwa taxi mbili, vile vibasi vya abiria, na mpira umekaa mapajani kwa kipa. Hayo yote nimeyasamehe, Mungu humpa amtakaye. Kinachonichoma ni kwamba hawalei. Hawajawahi kulea mchezaji tangu niwajue. Wanangoja sisi tupande, sisi tupalilie, sisi tukauke koo kwa kumshangilia mtoto angali anapiga mipira nje, halafu siku ameiva, wanakuja na kikapu.

Msimu huu walikuja na kikapu wakamchukua winga wetu.

Walimpa kitanda, chakula, na masomo mpaka amalize bila mama yake kulipa kitu. Mama alilia kwa furaha kwenye ngazi za jengo letu. Nilimshika mikono yote miwili nikampongeza, na pongezi zilikuwa za kweli, kwa sababu mama yule anauza nyanya barabarani tangu nimjue, na mgongo wake nausikia ukilia akipanda ngazi. Kisha nikaingia chumbani kwangu nikakaa na hasira, kwa kuwa sikuwa na wa kumpa. Kijana? Mimi mwenyewe mtu akinipa kitanda na shule nahamia hata timu ya bao. Niliwapa Watu wa Nyasi hasira yote, na ikabaki nyingine.

Kiongozi wa mashabiki wetu ni dada mmoja wa Kizulu anayesomea kuchomelea vyuma, mwenye sauti ya kusimamisha taxi iliyo ng'ambo ya barabara. Yeye alitangaza kwamba yule kijana kwetu amekufa. Asisalimiwe, asitajwe, na siku tutakayocheza naye, kila akigusa mpira tuimbe wimbo wa msiba. Nilipiga makofi pamoja na wengine, na wimbo nikasaidia kuutunga.

Ikafika Ijumaa ya kuamkia mechi hiyo. Mchana, saluni imejaa, wachezaji wetu wawili wameshakatwa wamekaa kwenye benchi wakinisikiliza nikiwaeleza ubaya wa Watu wa Nyasi. Mlango ukafunguka. Akaingia yeye, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mmoja wa wale wawili akainuka akatoka nje. Kijana akapita moja kwa moja, akaketi kwenye kiti changu, akavua kofia. Mistari yangu miwili ilikuwa bado iko pale, wa chini umeanza kufunikwa na vinyweleo.

"Toa mistari, mkubwa," akasema. "Yote."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kocha anasema kule kwao hawataki alama za mtaani."

Za mtaani. Nilisimama na mashine mkononi inanguruma hewani. Mtu mzima, mwenye filimbi shingoni, amekaa kwenye nyasi zake zilizolowa, anaiita kazi yangu alama ya mtaani. Ile miguu aliyoichukua, ilijifunzia wapi, hospitali? Si mtaani? Si pale chini ya jengo letu, na makopo ya rangi yakiwa magoli? Miguu ya mtaani anaitaka, kichwa cha mtaani hakitaki. Haya yote niliyasema kwa sauti, saluni nzima ikasikia, na mteja mmoja wa bosi akaitikia amina kama yuko kanisani.

Nikamwambia basi aende akakatwe na kinyozi wa hukohuko, lazima naye ni wa mitambo. Akanitazama kupitia kioo.

"Nimehama timu, mkubwa. Sijahama kinyozi. Hili kovu hakuna mwingine amewahi kuligusa."

Nikageuka kumtazama bosi, nikitumaini atanitetea. Hakuinua hata macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka. "Mwanangu," akasema, "kiti hakina timu."

Mstari wa kinyozi haujazwi kama shimo la barabara. Ukitaka uondoke, unashusha nywele zote zilizouzunguka mpaka zilingane nao. Kwa hiyo nilimshusha zote, kipara, taratibu, kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Nikapitisha spiriti, nikapaka mafuta. Mstari wa chini ukapotea kama haujawahi kuwepo. Kovu likabaki peke yake. Nilipomfuta shingo nilimwambia kesho tutawapiga, akasema tutaona, akavaa kofia akaondoka, na yule mchezaji aliyebaki kwenye benchi akamgeuzia mgongo.

Siku ya mechi tulikwenda kwao, kwenye nyasi. Tuliimba ule wimbo wa msiba kila alipogusa mpira, na mimi niliimba, japo ubeti wa pili niliuimba nikitazama viatu vyangu. Vijana wetu walicheza vizuri, nasema ukweli wa Mungu, walicheza kuliko wao, na kipa wetu aliokoa mipira ambayo hata mama yake asingemdai. Kipindi cha pili kikaenda kikaenda. Wao wakapata kona. Mpira ukapaa, na katikati ya ule msitu wa warefu kikapanda kichwa kimoja kipara, kinang'aa juani kama sufuria mpya. Yule kijana ni mfupi. Tangu nimjue hajawahi kufunga kwa kichwa, alikuwa akiogopa mpira utagusa lile kovu. Alipanda, akaupiga palepale, juu ya sikio la kushoto, na wavu ukatikisika.

Nikajikuta nimesimama na mikono iko juu.

"Kichwa changu kile," nikapiga kelele. "Nimekinyoa mimi."

Nilisema kwa Kiswahili, na ingeweza kuishia hapo. Lakini nilitaka kila mtu aelewe, nikarudia kwa Kizulu.

Eish. Upande wetu wote uligeuka. Ngoma ilinyamaza. Kule uwanjani kijana aliniona, mtu pekee anayeruka kati ya watu waliokaa, akacheka kwa pua, ileile.

Mechi iliisha kwa bao hilohilo. Dada kiongozi alinifuata mpaka pale niliposimama. Hakupaza sauti, na hiyo kwake ni mbaya zaidi. Akasema mafuta niliyompaka ndiyo yaliyoutelezesha mpira ukampita kipa. Akasema, "Bhuti, nenda ukakae na nyasi zako." Bhuti kwa Kizulu ni kaka, lakini lilivyotoka pale halikuwa na undugu wowote. Kisha akatangaza mbele ya wote kwamba tangu siku hiyo mchezaji wetu hatatia kichwa mikononi mwangu, na anayetaka mistari akatafute mashine kwingine.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala kwa hasira. Mimi? Mimi niliyelowa mvua ya bara kwenye ule uwanja ulioinama, wakati wenye kadi wamebaki kitandani? Mimi ninayejua kichwa cha kila mmoja wao, nani ana mba, nani ana uvimbe nyuma anaouficha, nani analia akishindwa kwa sababu Ijumaa inayofuata macho yake bado mekundu? Mistari ni ya nani? Nilishangilia kichwa, sikushangilia bao. Ni vitu viwili. Fundi wa viti hakasiriki kiti chake kikikaliwa na adui. Nilimweleza hivyo bosi, nikamweleza mlinzi wa geti kwa simu, nikamweleza mama wa kijana kwenye ngazi, naye akacheka mpaka akaketi, akanipa nyanya. Sikutaka nyanya. Nilitaka Ijumaa yangu.

Maana bila Ijumaa mimi ni nini kwa timu ile? Kadi sina, jezi yangu niliinunua kwa mitumba, jina langu haliko popote. Huwa naota siku tutakuwa na jukwaa lenye paa, na chini yake chumba kidogo cha kioo na kiti kimoja, cha kwangu. Mikono yangu ikikaa bila vichwa vyao, ndoto ile inabaki ya mtu anayechungulia kwenye uzio.

Ijumaa ikaja. Nikatia mashine mafuta, nikakung'uta kitambaa, nikakikung'uta tena. Saa za kawaida za wachezaji zikafika, kiti kitupu. Bosi akaniambia nikanyoe mteja wake mmoja mzee, nikanyoa nikitazama mlango. Nilikuwa nafagia alipoinama mtu mlangoni ili asigonge kichwa, na anayeinama pale ni mmoja tu. Kipa. Nyuma yake dada kiongozi, mikono kifuani, na nyuma ya dada, ukutani kwa nje, wengine wote wamejipanga kuelekea kwenye robot, zile taa za barabarani.

Kipa akaketi. Baadaye nilisikia kwamba walijaribu kwingine, mistari ikatoka imepinda, na beki mmoja alikuwa amevaa kofia kwa sababu hiyo.

"Utawakata," dada akasema. "Lakini huongei. Ukisema neno moja, tunaondoka."

Nikainamisha kichwa kukubali. Nikamfunga kipa kitambaa, nikaanza. Nilimaliza mstari wa kwanza, umenyooka, midomo nimeibana kwa meno. Bosi alikuwa ananitazama kupitia kioo chake, mabega yanamtikisika.

Nilipoanza wa pili, kipa akasema taratibu, kama anaongea na ukuta, kwamba kesho ni wa pwani ya kusini, na kwamba amesikia wale watu siku hizi wamebadilika, hawaanguki tena.

Nilivumilia. Mungu shahidi, nilivumilia mpaka katikati ya mstari.

"Hawaanguki?" nikasema. "Wale?"

Dada mlangoni alitazama nje, upande wa robot, kama mtu ambaye hajasikia kitu. Nikazima mashine ili nieleze vizuri.