Mtaro Uliofukiwa Kabla ya Mkaguzi

Mafundi bomba wenzake walimwita Kanuni, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi. Yeyote aliyekwama na fomu za ofisi ya ujenzi alimfuata barazani kwake, ramani kwapani. Kanuni angevaa miwani, aipitie ramani mara moja, kisha aanze kumsomea mwenzake makosa yake kama hakimu. Choo hiki hakina bomba la hewa. Chemba hii ya maji machafu umeiweka kwenye kiwanja cha jirani. Bomba la maji safi lipite juu ya lile la maji machafu, kati yao pawe na mita nzima ya udongo, na mtaro ubaki wazi mpaka mkaguzi aje apime kwa macho yake, agonge muhuri.

"Hata mvua ikinyesha?" wangemchokoza.

"Hata mvua ikinyesha na mwenye nyumba analia," angejibu, nao wangecheka.

Alikuwa fundi hodari. Ninalisema hili mapema, kwa sababu mbele ya safari mtu atatamani kumwona mzembe, na mzembe hakuwa.

Nyumba pekee aliyoiwekea mabomba bila kibali ilikuwa ya mdogo wake wa kike. Mama yao alikuwa amevunjika nyonga, na hospitali ikasema Jumamosi anatoka. Angeuguzwa kwa binti yake, lakini choo cha nyumba ile kilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Kibali kingechukua wiki tatu. Kanuni akaacha kazi za watu kwa siku nne, akachimba mwenyewe, na siku ya pili sululu ikagonga mwamba. Palitakiwa mitaro miwili. Mwamba ulimruhusu mmoja tu, tena mwembamba. Akayalaza mabomba yote mawili humo, la choo na la maji ya kunywa, ubavu kwa ubavu, vidole vinne kati yao. Akayaunga kwa makini, akayajaza maji, akangoja saa nzima, hakuona hata tone. Ijumaa jioni akafukia, akamwaga zege juu yake.

Fundi mwingine angefanya vile, Kanuni angemshtaki kwa mkaguzi siku hiyo hiyo. Lakini aliiamini mikono yake, na kumbe miaka yote ile alikuwa anaamini moyoni kwamba mkaguzi yupo kwa ajili ya kuwakagua wengine. Alisema atarudi baada ya mwezi mmoja, ayatenganishe. Tunaijua hiyo miezi.

Mama alikitumia choo chake cha ndani kwa miaka mitano, na sinki lake dogo karibu na kitanda, akimsifu mwanawe kwa kila mgeni. Mwaka wa sita akaanza kuhara. Daktari alisema ni homa ya matumbo, akaulizia maji na chakula. Maji ya nyumba ile yalikuwa yameletwa na Kanuni mwenyewe; nani angeyashuku? Kikabaki chakula. Siku ya kumi na moja mama akafariki.

Msibani, shangazi yao, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona maishani, alisema mbele ya sebule iliyojaa watu: "Mama wa watu kapona nyonga, kaja kufia kwenye uchafu wa jiko la binti yake."

Binti mwenyewe aliinamisha kichwa. Kanuni alikuwa ameketi kando yake, bega kwa bega. Asubuhi ile alikuwa amenawa uso kwenye lile sinki la mama, akanusa harufu ya maji machafu, aliyoifahamu kwa miaka thelathini. Maji yalikuwa yamekatika, kisha yakarudi alfajiri, na bomba tupu hunyonya kilicho jirani nalo, kupitia maungio yaliyolegea. Hakuhitaji kuchimba ili ajue. Angeweza kusema pale pale, maneno yalikuwa mdomoni. Akakaza macho sakafuni.

Alichofanya ni kumvuta mdogo wake pembeni, siku ya tatu, na kumwambia: "Kuanzia leo chemsha maji yote. Ya kunywa, ya kuoshea vyombo, yote."

Mdogo wake alimtazama. "Hata wewe, kaka?" Alidhani naye anamwambia kwamba ni mchafu. Kanuni hakumsahihisha.

Ikapita miaka miwili. Ndugu walikoma kula nyumbani kwa mdogo wake Kanuni. Kukiwa na shughuli ya ukoo alipewa kazi ya kupanga viti, na akisogelea masufuria, mtu alimwita haraka upande wa pili. Kanuni aliendelea kula kwa mdogo wake kila Jumapili, watu wakamsifia kwa hilo, kwamba huyo ndiye kaka wa kweli. Sifa zile zilimchoma kuliko tusi, lakini alizipokea.

Halafu mpwa wake, binti pekee wa yule mdogo wake, akawa mjamzito, akataka kuja kujifungulia kwa mama yake. Shangazi akamkataza: utamwosha mtoto mchanga kwenye nyumba ile? Msichana akaanza kusitasita. Mama yake akaenda barazani kwa Kanuni, akakaa kwenye benchi la mafundi.

"Kaka, ongea naye. Mwambie nyumba yangu ni safi. Mimi hawanisikii tena, ila wewe mambo haya ndiyo kazi yako. Neno lako moja linatosha."

"Nitaongea naye," alisema Kanuni.

Kesho yake alikwenda ofisi ya ujenzi, akaomba fomu ya kufukua mtaro. Karani alimcheka: "Leo unamjazia nani, mzee?"

Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Angeweza kuandika kwamba bomba limechakaa, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Yeye akaandika: *Maji safi na maji machafu yaliwekwa mtaro mmoja bila kibali. Yamechanganyika. Mtu amekufa.* Kwenye nafasi ya fundi aliyeweka bomba la awali, akaandika jina lake kamili.

Karani akaisoma, kicheko kikamwisha. "Unajua ukiipeleka hivi leseni yako inakwenda?"

"Najua."

Sheria za pale zilitaka kibali kibandikwe getini, na sababu kama ilivyoandikwa, siku kumi na nne kabla ya kuchimba, ili majirani wasome. Kanuni alikuwa anakilainisha kwa kiganja kwenye geti la mdogo wake, naye mdogo wake akatoka. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho, akarudia tena.

"Ulijua lini?"

"Siku ya msiba."

"Kabla shangazi hajasema, au baada?"

Hapo palikuwa na mwanya wa uongo mdogo, nao ungepita. "Kabla," alisema.

Mdogo wake hakupaza sauti. "Siku ile nilikushika mkono, kaka. Nilikushika wewe kwa sababu sebule nzima ilinitazama, wewe peke yako hukunitazama. Nikasema, angalau huyu ananionea huruma."

"Mimi mwenyewe nitamwambia mpwa wangu," alisema Kanuni. "Na nitachimba upya, mitaro miwili."

"Utachimba. Bomba ataweka fundi mwingine. Na mwanangu usimwambie kitu, atakuja asome hapa kama wengine."

Akaingia ndani, akafunga komeo. Kanuni alibaki nje na kopo la gundi mkononi, na jirani wa kwanza alikuwa tayari anavuka barabara kuja kusoma.