Mpaka Kiunoni

Nilirudi nyumbani Kalama mwishoni mwa miaka ya tisini nikiwa na shahada ambayo hakuna ofisi iliyoitaka. Kazi niliyopata ilikuwa ya kusaidia mchoraji mmoja, mama wa makamo kutoka Kyumbi, aliyeombwa na kanisa letu kupamba ukumbi wa mikutano.

Hakuchora watu wala miti. Alitandaza rangi tupu, chungwa, buluu, kijani cha mahindi machanga, kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, zikipita kwenye pembe bila kukatika. Ukumbi ule mdogo ukawa kama hauna kuta. Nilikoroga rangi na kuuliza maswali mpaka akachoka. Jambo moja tu alinieleza: "Uzito wote uko chini. Ukiondoa rangi ya chini, ya juu itaning'inia tu."

Kwetu, iwe shule, zahanati au ofisi ya chifu, ukuta hupakwa rangi nzito ya mafuta mpaka kiunoni ili uchafu usionekane. Jumamosi kamati ya kanisa ilipokuja kukagua, rangi hiyo ndiyo waliyoitafuta.

"Mama, kazi ni nzuri," alisema mwenyekiti, mwalimu mstaafu. "Lakini ile ya chini iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mwalimu. Inaanzia sakafuni."

"Na watu wakiegemea na makoti ya shamba?"

"Si ni wewe huegemea," mama mmoja wa kamati akadakia, "na unakoroma kabla maombi yaishe!"

Walicheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe umesoma. Tukifunika mpaka kiunoni, kuna kitu kitaharibika?"

Mchoraji alinitazama. Miaka minne chuoni nilikuwa nimejifunza kutokubali kitu chochote moja kwa moja, na mdomo ukaenda wenyewe.

"Kusema kweli, sina hakika."

"Basi, hata msomi hana hakika," mwenyekiti akasema, na wakatoka nje kunywa chai.

Jumatatu mchoraji alivuta kamba yenye chaki ukutani yeye mwenyewe, kupiga mstari wa kiunoni. Alisema kama ni lazima kazi iharibiwe, iharibiwe ikiwa imenyooka. Tulipaka rangi ya kahawia, yeye upande wa mlango, mimi upande wa madirisha. Mgongo uliniuma. Chungwa lilizama polepole, na juu yake buluu ikabaki haina pa kukaa.

"Kama hukujua, ulifanya vizuri kusema hujui," aliniambia baadaye, bila hasira.

"Nilijua."

Alichovya brashi, akaipangusa kwenye ukingo wa mkebe.

"Haya. Malizia hapo chini ya dirisha kabla haijakauka."