Chupa ya Pili ya Msoma Mita

Msoma mita za maji hapendwi sana. Akipiga hodi mbwa hubweka, na mwenye nyumba hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani. Hayo Mama Bosi alishayazoea. Kilichomsumbua tangu arudi kazini baada ya kujifungua kilikuwa kiu.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, ya zamani, aliyoachiwa na shangazi yake, na ilikuwa na kishikio kimoja tu cha chupa. Chupa hiyo ilikuwa ya mita. Mita nyingi zimezama vishimoni, vioo vimegandwa na tope, na usipomwagia maji kidogo ukasugua kwa kidole huoni tarakimu hata moja. Asubuhi aliondoka nayo imejaa. Akifika nyumba ya ishirini haina kitu. Kubeba nyingine kwenye mfuko alijaribu, ikavuja, makaratasi ya wiki nzima yakawa uji. Na kumwomba maji mtu uliyetoka kumsomea mita kunataka uso mkavu, ambao yeye hakujaliwa.

Basi akawa anasoma maji ya watu kutwa huku koo lake limekauka. Yeye angevumilia, lakini Bosi hakuvumilia. Bosi ni mwanawe wa miezi mitano, aliyepewa jina hilo kwa sababu akilia nyumba nzima husimama wima. Jioni alinyonya, akaachia, akamkazia mama yake macho kama mteja aliyeambiwa bidhaa zimekwisha. Mama mkwe alimwambia taratibu kwamba maziwa ni maji, mwanangu. Mtungi mtupu haumimini.

Mumewe, fundi wa mageti, alisema jambo lenyewe dogo, kufunga kishikio cha pili tu. Siku ya mapumziko akaisimamisha baiskeli uani kichwa chini, ikakalia tandiko na usukani, akatia alama mbili za chaki kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tandiko. Matundu mawili, nati mbili za kuchomelea, kazi kwisha. Alikuwa ameshaiwasha keekee ya kutobolea pale Mama Bosi, mtoto begani, alipokuja akaweka kidole gumba juu ya alama ya chaki.

"Hili si geti, Baba Bosi."

"Chuma ni chuma."

"Chuma cha geti hakimbebi mkeo kwenye mashimo. Chungulia ndani kwanza."

Fundi alicheka, lakini akailaza baiskeli, akachomoa nguzo ya tandiko. Akamulika kwa tochi ya simu, akaingiza kidole. Mikono yake ilizoea mabomba ya mageti, yenye kuta nene kama gome la mti. Hili ukuta wake ulikuwa mwembamba, na upande mmoja kutu ilishaanza kulila. Moto wa kuchomelea ungelipitia kama karatasi. Akaenda kuichomoa keekee kwenye umeme, na kwa fundi yule hiyo ilikuwa sawa na hotuba ya kuomba radhi.

Alirudi na pete mbili za bati, zile za kubania mpira wa maji kwenye bomba. Akaisimamisha tena baiskeli kichwa chini, akalizungushia bomba kipande cha tyubu kuukuu ili pete zisiteleze, akaweka kishikio, akakaza kwa bisibisi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akatia chupa, akaitoa, akaitia tena. Imekaa. Akaigeuza baiskeli kwa mbwembwe amwonyeshe mkewe, na chupa ikachomoka moja kwa moja ikamwangukia kidole cha mguu.

Maisha yake yote amefunga vyuma vikiwa vimelala chini. Geti ukiligeuza hubaki geti. Kishikio kilikuwa kimefungwa vizuri sana, ila kwa baiskeli inayotembea magurudumu juu.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga, hakuinua hata uso. "Mwanangu, hapo mkeo atapandaje?"

Mama Bosi alicheka mpaka akakaa chini na mtoto wake. Fundi naye, kidole kinamuuma, akacheka, akafungua pete, akaanza upya, safari hii baiskeli ikiwa imesimama kwa miguu yake.

Kesho yake chupa ya zamani iliosha mita, na ya pili ilikuwa ya mwenyewe. Alikunywa kwenye kila kona, iwe ana kiu au hana. Mzee mmoja wa nyumba ya pembeni alimtania kwamba siku hizi mita inakunywa na msomaji naye anakunywa; akamjibu kuwa wakinywa wote wawili, hesabu haikosewi.

Jioni Bosi alinyonya ziwa moja, akahamia la pili, usingizi ukamkuta hapo hapo, maziwa yakimchuruzika pembeni mwa mdomo. Baba Bosi alichungulia mlangoni akauliza kama pete zimelegea. Mama Bosi akatikisa kichwa tu, kidole mdomoni, akamwonyesha shavu la mtoto lililolowa.