Siku Niliyochukuliwa Nyumbani kwa Kuwa Mimi ni Dadu

Jumanne moja, saa mbili na robo asubuhi, mtu alikuja kunichukua nyumbani kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi inayosema mimi ni dadu.

Sitanii. Dadu, kile kijiwe cha pande sita kinachorushwa watu wakicheza nyoka na ngazi.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la saba, nguo nimeshona miaka arobaini na sita, na katika umri wote huo hakuna mtu aliyewahi kunirusha.

"Shikamoo mama," akasema yule mtu.

"Marahaba."

"Natoka maktaba ya michezo. Nimekuja kuchukua dadu la mchezo namba mia nne kumi na saba, nyoka na ngazi, ule wa ubao ulioshonwa kwa uzi wa bluu."

"Dadu la mchezo ule lilitumbukia mtaroni miaka kumi na tisa iliyopita, mwanangu. Mmechelewa."

Akasukuma miwani yake juu. Ni miwani mikubwa kiasi kwamba kazini wanamwita Miwani, na yeye anaitika.

"Hapa inasema dadu lipo. Nyumba ya tatu, mlango wa kijani, cherehani dirishani. Jina la dadu, Bibi."

Nikatazama mlango wangu. Kijani. Nikatazama cherehani. Dirishani.

"Bibi ni mimi," nikasema.

"Basi twende."

Ngojeni niwaeleze mambo yalikoanzia, maana mwenzenu sikugeuka dadu ghafla asubuhi ile.

Mjukuu wangu alikuwa amepata kazi kwenye hiyo maktaba, mahali ambapo watu huazima michezo ya ubao kama wengine wanavyoazima vitabu. Kazi ya majaribio, miezi mitatu. Alipewa kuifundisha kompyuta michezo yote mia nne na kitu iliyomo humo.

Kazi yenyewe inaitwa ontolojia. Neno hilo nililirudia siku mbili kabla halijakaa mdomoni.

"Ni nini hiyo, mke mwenzangu?" nilimuuliza. Ndivyo ninavyomwita tangu mdogo, maana alimpenda babu yake kuliko mimi.

"Ni kuieleza kompyuta vitu ni nini, bibi. Ubao ni nini, kete ni nini, mchezaji ni nani, na nani ana uhusiano gani na nani. Ukishaieleza vizuri, yenyewe inajua mengine bila kuambiwa."

"Na unaelezaje michezo yote hiyo? Utazeeka."

"Natumia vielelezo. Ni kama zile karatasi zako za kukatia. Si una karatasi moja ya mkono, unakatia magauni hamsini?"

Hapo nikamwelewa. Karatasi zangu nazitundika ukutani kwenye msumari, mkono na mkono, kola na kola. Kumbe mtoto wa watu amesoma miaka yote hiyo akarudi kwenye msumari wangu.

Sasa, ili kuijaribu kompyuta, alichukua boksi letu la nyumbani, akalipeleka maktaba na kuliingiza kama mchezo wa mwisho. Boksi lenyewe ni aibu. Ubao umeshonwa katikati kwa uzi wa bluu, kazi yangu hiyo. Kete mbili ni kete, ya tatu ni kifungo cha koti.

Na dadu ni mimi.

Dadu la kweli lilipotea mjukuu akiwa na miaka sita, akalia mpaka akapaliwa. Nikamwambia nyamaza, mimi nitakuwa dadu. Tangu siku hiyo nakaa kwenye cherehani nimewapa kisogo, anayecheza anasema, "Bibi, namba," nami nasema moja, au nne, au sita. Miaka kumi na tisa. Mwanangu anacheza hivyo, binti yangu anacheza hivyo, mjukuu amekua hivyo. Hakuna aliyewahi kununua dadu lingine.

Basi kompyuta ilipouliza dadu ni lipi, yule mtoto mkweli akaandika Bibi.

Na kompyuta ilishafundishwa kwamba dadu ni kipande cha mchezo. Ilishafundishwa pia kwamba kipande hukaa na mchezo wake. Mchezo uko maktaba, kipande kiko mlango wa kijani. Yenyewe ikatoa karatasi ya kukifuata.

Na Miwani habishani na karatasi.

Alitoa fomu akaomba kukaa.

"Kabla ya kukibeba kipande lazima nikikague. Nyuso ngapi?"

"Uso ninao mmoja, na huo wenyewe umechoka."

Akaandika: *pungufu tano*.

"Umetengenezwa kwa plastiki ngumu?"

"Meno ya chini tu."

Akafikiri kidogo, akaandika: *kwa sehemu*.

"Unaingia kwenye boksi?"

"Boksi lina upana gani?"

Lenyewe liko maktaba, basi tukalikisia kwa utepe wangu wa kupimia na kwa mikono. Hatukuelewana. Akaandika: *itajaribiwa*.

"Nikikataa kwenda je?" nikamuuliza.

"Naandika kimepotea. Aliyeingiza mchezo anaulizwa. Na leo ndiyo leo kwake, mama. Saa tano kamati inaamua kama anabaki au anaondoka."

Nikafunga cherehani kwa kitambaa chake, nikavaa sweta la kijivu, nikachukua mkoba. Siwezi kuwa dadu lililomfukuzisha kazi mjukuu wangu.

Maktaba ni ukumbi mrefu wenye rafu mpaka juu na harufu ya makaratasi. Miwani alinibandika kibandiko kifuani, 417/D. Akanisimamisha mbele ya rafu, akatazama boksi, akanitazama mimi.

"Haiwezekani," akasema kwa huzuni.

Akaniletea kiti, akanikalisha chini ya rafu, akaniwekea kifuniko cha boksi mapajani. Akaniletea na chai. Sina neno baya juu yake.

Saa nne na dakika ishirini mjukuu akapita na kompyuta kwapani. Akapita hatua tatu, akarudi kinyumenyume.

"Bibi?"

"Mia nne kumi na saba D," nikasema. "Nimeletwa."

Nyuma yake akatokea mkuu wa maktaba, mama mmoja mrefu mwenye kalamu kwenye nywele. Akasoma kibandiko, akasoma fomu ya Miwani mpaka kwenye meno.

"Binti," akamwambia mjukuu, "una dakika arobaini. Kompyuta yako ikiwaambia kamati kwamba bibi yako ni dadu, mimi sina la kukutetea."

Mjukuu akakaa sakafuni miguuni pangu, akafungua kompyuta.

"Nakufuta, bibi. Nitaacha dadu wazi, na kitu ambacho si kipande halisi naiambia isikihesabu."

Akafuta. Kompyuta ikasema mchezo hauna dadu, hauchezeki, utupwe. Na ikaendelea na mingine. Mchezo wenye harage badala ya kete, utupwe. Mchezo wenye kifuniko cha chupa badala ya askari, utupwe. Karibu theluthi ya maktaba ikawa ya kutupwa.

Akanirudisha haraka. Nikawa dadu tena.

"Nimekwisha," akasema.

"Acha kulia, sikiliza. Nikiwa nakata kitambaa na sina kitu kizito cha kukishikilia, naweka nini?"

"Kijiko kile kikubwa cha mchuzi."

"Kile kijiko kinakuwa nini?"

"Kinakuwa... Kinabaki kijiko."

"Kimeshika nafasi tu. Kazi ikiisha kinarudi jikoni, kinapakua mchuzi. Sasa kwa nini mimi nikishika nafasi ya dadu ninyang'anywe ubibi wangu?"

Akanitazama kama amemwagiwa maji.

"Kielelezo hicho ninacho," akasema polepole. "Nafasi na mwenye kuishika. Nilikitumia kwa wachezaji peke yao. Mtu leo ni mchezaji, kesho si mchezaji. Kumbe kete nazo ni hivyohivyo. Dadu nalo. Kifungo kimeshika nafasi ya kete. Bibi, nilikatia mkono mmoja tu, gauni lote nikaliacha."

"Basi kata."

Akakata. Dakika ishirini na tano nikamshikia chai.

Saa tano kamati ikaingia, wazee wawili na mama mmoja mwenye koti. Mkuu akamwambia mjukuu aiulize kompyuta kuhusu 417/D.

Mjukuu akasoma kwa sauti: "Bibi ni mtu. Katika mchezo huu ameshika nafasi ya dadu."

Mkuu akashusha pumzi. Harage likawa harage lililoshika nafasi ya kete. Michezo yote ikarudi. Miwani akanibandua kibandiko kwa adabu.

Tungeishia hapo ingekuwa vizuri sana.

Lakini yule mama mwenye koti akauliza, "Na wachezaji wa mchezo huu ni akina nani?"

Mjukuu akabonyeza huku anatabasamu. Tabasamu likaganda.

"Soma," akasema mkuu.

"Mchezaji ni mmoja. Bibi."

"Na wewe? Na baba yako? Na shangazi yako uliyemwandika hapa?" akauliza mama mwenye koti.

"Kompyuta inasema... wameshika nafasi ya kete."

Mzee mmoja akakohoa.

"Imeharibika tena," akasema mkuu, akachomoa kalamu kwenye nywele. Ile ilikuwa dalili mbaya.

"Haijaharibika," mjukuu akasema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Niliieleza kwamba mchezaji ni mtu anayeamua jambo ndani ya mchezo. Kwenye nyoka na ngazi hakuna anayeamua kitu. Ukiambiwa nne unakwenda nne, kama kete. Anayeamua ni..."

Wote wakageuka wakanitazama. Miwani naye.

"Bibi," mjukuu akasema, "zile namba ulikuwa unazitoa wapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ameahidiwa kazi kwa kuieleza mashine ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umekaa kwenye kiti na kikombe mkononi.

"Cherehani ina bamba linalong'aa kama kioo," nikasema. "Ubao wote nauona humo."

"Miaka kumi na tisa?"

"Baba yako alishinda wiki ile aliyoachishwa kazi. Shangazi yako alishinda mara nne mfululizo alipovunjiwa uchumba, na akarudi kula vizuri. Wewe ulipanda ngazi ndefu kila ulipofeli hesabu."

"Na siku ile nilipomezwa na nyoka wa tisini na nane mara tatu?"

"Siku ile ulikuwa umemjibu mama yako vibaya."

Mzee aliyekohoa akacheka mpaka akavua kofia. Mama mwenye koti hakucheka. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Familia nzima haikugundua kwa miaka kumi na tisa," akasema. "Hii imegundua asubuhi moja. Huyu binti anabaki."

Mjukuu akaniinamia akanikumbatia, kisha akaninong'oneza, "Wewe ni mwizi, bibi."

"Shika adabu. Nyoka yupo."

Kuondoka ndiko kulikoleta kazi. Miwani alikuwa ameshaniandika kuwa nimepokelewa, na kilichopokelewa hakitoki mlangoni bila kuazimwa. Mkuu akaona hakuna ubaya. Mjukuu akaniazima pamoja na boksi langu kwa wiki mbili, akatia sahihi, tukarudi nyumbani. Mpaka leo kila wiki mbili anakwenda kunirefushia muda.

Mwanangu aliposikia alinuna siku nzima, akanunua dadu jipya, jeupe, la madukani. Wakacheza nalo Jumapili moja. Binti yangu alikuwa ametoka kugombana na bosi wake, na lile dadu likampa moja, moja, mbili, moja, nyoka.

Akaliangalia muda mrefu, kisha akalitupia kwenye kopo langu la vifungo.

"Mama," akasema, "namba."

Nikawapa kisogo, nikakanyaga cherehani, nikasema sita.

Ninachowaachia wasomaji wangu ni hiki. Mtu usimpachike jina la kazi uliyomkuta anaifanya, ukadhani umemmaliza. Jiulize pia anaamua nini akiwa amewageuzieni mgongo. Huenda mnaodhani mnacheza, mnachezwa, na anayewacheza anawapenda.