Muji Wenye Jina la Chuma

Tarehe sita ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza mbele ya jogoo, ikapunguka asubui, kisha ikabaki ya manyunyu, ile yenye hailoweshe muntu mara moja lakini haimuachilie. Ukungu ulifunika Nyabiondo hata shamba ya jirani sikuiona.

Ninaandika ya leo, lakini lazima nirudi nyuma kidogo ili yaeleweke. Masomo yangu iliishia mwaka wa pili wa segondere, basi mwenye kusoma anivumilie.

Muungano wetu wa wamama wenye kulima maharagi ulipata mualiko: mama mumoja aende Manille, akutane na wamama walimaji wa inchi zingine, waongee juu ya mbegu. Padri njo alitufasiria. Manille ni muji mukubwa sana, kapitale ya Filipine, kule Asia. Wamama wakanichagua miye. Sisemi ni kwa sababu ninajua mbegu kuwapita. Kuko wawili wenye kunishinda, na nilisema vile mbele ya wote. Mumoja ana mutoto wa kunyonya. Mwingine alisema ndege hawezi kuipanda hata kama inatembea chini. Nikabaki miye, pengine pia juu ninasoma kifaransa kidogo, cha kubabaisha.

Tangu hapo niliishi na ile safari kama mwanamuke mwenye mimba: kila mama wa muungano anauliza imefika wapi. Tulikuwa tunapukusa maharagi, mumoja akaniuliza:

"Kule wanakula nini?"

"Muchele. Asubui, muchana, mangaribi."

"Yee! Kila siku Noeli!"

"Na bugali?"

"Padri anasema hakuna."

"Basi, mwenzetu, usilie bugali mbele ya watu. Utatuletea haya."

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa na woga wenye sikuweza kuwaambia. Upande mumoja sijapita Kitshanga, upande mwingine sijapita Walikale. Na kila mara nilipotoka hapa ilikuwa kukimbia vita, haikuwe kusafiri. Kukimbia hakuna kupanga. Unabeba mutoto, unabeba sufuria, unafuata wenzako. Safari yenye muntu anakaa chini na kufikiri atavaa nini, hiyo sikuijua. Siku ya kupanga sakosi, mufuko wangu wa safari, mikono yangu ilifanya yenyewe. Bwana wangu akaingia, akaangalia, akauliza:

"Mama, unaenda Manille ao unakimbia?"

Nilikuwa nimetia sufuria kwanza, chumvi, kisu, kiberiti, na blanketi juu yake. Nguo hata moja, hakuna.

Njia tuliipanga sisi wawili. Pasiporo inatafutwa Kinshasa, juu kachet, ile muhuri ya wenye kutawala huku sasa, hawaitambue kule. Goma ndege haitue tangu vita. Basi ilibaki upande wa pori: moto, ni kusema pikipiki, mpaka Walikale, kisha Mubi, kule malori inaondokea kwenda Kisangani, na Kisangani kuko ndege ya Kinshasa. Lori yenye ilikubali kunibeba inatoka Mubi siku ya posho, Jumamosi. Ikiniacha, sitafika Kinshasa mbele ya mwisho wa mwezi, na nafasi yangu itapewa mwingine. Mama mwenye kutengeneza mambo ya safari kule Kinshasa alinieleza hivyo ku telefone, bila kunificha.

Huku muntu hasemi siku ya kuondoka. Wengine wanaogopa uchawi. Miye ninaogopa zaidi hii: mwenye kusafiri, watu wanazania ana kitu mu mufuko. Kwa hiyo wamama wa muungano walijua safari, siku hawakuijua. Ndani ya nyumba tulisema "Manille" hivi, "Manille" vile, kwa sauti ya chini.

Sasa, hiyo neno. Mu kifaransa inatamkwa "maniye". Na mafundi wa malori wanaita maniye kile chuma chenye kupindika kama herufi U, chenye kufungwa na bulon, musumari wa kuzungusha, cha kuunga kamba wakati wanavuta lori mu matope. Mama mukwe wangu ameishi miaka yake yote kando ya barabara yenye malori inakwama. Maniye yenye anajua ni hiyo moja. Alitusikia tukinong'ona, akafikiri muungano umenunua lori, na miye ndiye nimetumwa kutafuta chuma. Alifurahi, na hakusema. Lakini ku maji, mama mumoja alipomuuliza kwa nini siku hizi mukaza-mwana haonekane ku shamba, akajibu kidogo tu: "Ataenda kutafuta maniye." Alizania ameficha vizuri. Ile kidogo ikatembea, kila mudomo ukiongeza yake. Ilipofika ku bariyeri, pale vijana wenye bunduki wanafunga barabara ya Walikale, lori ilikuwa imeshapakiwa.

Leo asubui nikapanda moto. Tulifika ku bariyeri, kijana akainua mukono.

"Mama, shuka. Ni wewe mama wa maniye?"

Nilifurahi hata! Nilifikiri habari ya mualiko imenitangulia, na sasa nitapita kwa heshima.

"Ndiyo, njo miye," nikasema.

"Lori iko wapi?"

"Lori gani?"

"Yenye unaendea maniye. Imekwama wapi? Iko na nini ndani? Iko ya nani?"

"Kaka yangu, Manille iko muji."

Walicheka wote, hata dereva wa moto yangu. Mumoja akasema, "Miye nazaliwa Bulon! Bibi yangu anatoka Turnevisi!" Turnevisi ni chombo cha kukaza visi. Mwingine akamuuliza kama kule Bulon mvua inanyesha. Nikacheka pia kidogo, nikitumaini kicheko kitanipitisha. Nikatoa karatasi ya mualiko mu plastiki, nikampa mwenye alionekana mukubwa kuwapita. Alisoma polepole, na kidole. Kidole kikasimama pahali wanapoandika "prise en charge", maana yake watanilipia kula na kulala; lakini "charge" peke yake ni muzigo.

"Munaona? Charge. Mama anasema hakuna lori, na muzigo iko mu karatasi."

Nilifasiria. Nilifasiria tena. Kadiri nilivyofasiria, ndivyo nilionekana muongo, na mwishowe hata miye nilianza kusikia ule uongo ndani ya sauti yangu. Lazima niseme ya kweli: hawakunipiga, hawakunitukana. Walinikalisha chini ya hema ya plastiki ili mvua isiniloweshe, na mumoja akanipa muhindi wa kuchoma. Pengine miye pia, kama ningekuwa nimesimama pale mu matope na kusikia habari ya lori, ningeuliza vilevile. Lakini hawakuniachilia kupita.

"Mukubwa wetu haiko. Rudi. Ulete mwenye lori, ao ulete padri aseme kama ule muji uko."

Mwenye lori haiko, juu lori haiko. Na padri yuko Kitshanga, na njia ya kule imefungwa na mapigano tangu juma lililopita. Nilimwambia vile. Akasema, "Basi, mama, ngoja ifunguke," bila ubaya, kama muntu anamwambia mwenzake angoje mvua ipite.

Dereva alikatala kungoja. Tukageuza. Ile barabara, wakati wa kwenda, niliona inafunguka mbele yetu. Kurudia, niliona tu vilima, na nyuma ya kilima kilima kingine, na mu kila njia muntu mwenye kuinua mukono.

Bwana wangu alinikuta ku mulango, akapokea sakosi. Mama mukwe ndiye aliuliza kama nimeipata ile maniye. Njo pale tulijua neno lilitoka wapi.

"Maniye iko muji?" akasema.

"Ndiyo, Mama. Muji wa watu."

"Kwani walikosa jina ingine?"

Nilitaka kukasirika, sikupata pa kuanzia. Mwezi muzima tulinong'ona lile neno juu ya kichwa chake, na hakuna mwenye alikaa naye kumwambia. Bwana wangu anasema ningejibu "hapana" pale ku bariyeri, ningepita. Inawezekana. Sijui.

Muchana nilipanda kilima chenye kuwa na rezo ya telefone, nikamuita yule mama wa Kinshasa. Nilimwambia posho haitawezekana, na siku ingine siwezi kuahidi. Akasema pole, na kwamba kuko mama wa Mbandaka mwenye ana pasiporo tayari. Nikasema sawa. Ilikuwa haki. Kiti kimoja hakiwezi kungoja njia ifunguke.

"Lakini yeye ni wa mihogo," akasema. "Niambie ulichotaka kusema juu ya maharagi, nimupe aseme kwa jina lenu."

Nikaanza, nimesimama mu manyunyu, mukono mumoja juu ya sikio. Namna tunachagua mbegu, namna tunaichanganya na majivu, namna tunaigawanya mu nyumba tofauti ili tukikimbia isipotee yote. Niliongea kama niko mbele ya watu. Nilipomaliza nikauliza, "Umesikia?" Inite ya telefone ilikuwa imeisha. Sijui alisikia mpaka wapi.

Mangaribi tulikula bugali ya muhogo na majani ya lengalenga. Haikutosha, juu asubui walitwanga unga ya wenye kubaki tu, miye hawakunihesabu. Mama mukwe alinisogezea sehemu yake, nikakatala, naye akakatala kuirudisha, na watoto wakaimaliza.