Bawaba Mpya kwenye Kabati la Marehemu

Kwa miaka kama minane niliamini, kwa moyo wote na nikiwa na cheti cha kidato cha nne, kwamba ukifunga chuma kipya kwenye kabati la mtu aliyekufa, kifo kinakiona. Kinafuata mng'ao. Na kabla chuma hicho hakijafifia, mtu mwingine wa nyumba hiyo lazima amfuate mwenye kabati. Aliyenieleza ni fundi aliyenifundisha kazi kule Kashai, mtu asiyecheka hata umtekenye, na ushahidi alikuwa nao: nyumba moja ya Nyanga ilibadilishiwa kitasa cha sanduku la marehemu Jumatatu, na kufika Jumapili walikuwa wamezika watu watatu, na ng'ombe naye amekufa. Huyo ng'ombe ndiye aliyenimaliza. Nilijiambia mtu anayetunga uongo hawezi kukumbuka kumweka ng'ombe.

Nilikuwa nimesoma, msidhani sikusoma. Nilisoma masomo ya jioni, nikitoka karakana na vumbi la mbao kichwani, na kemia niliwashinda watoto waliosoma mchana wakiwa wameshiba na kulala vizuri. Nilijua kutu ni nini na inatoka wapi. Lakini elimu yote hiyo niliitumia kukikimbia kifo. Karakana yangu ya Hamugembe ilisifika kwa bawaba na vishikio vipya ambavyo ungeapa viliwekwa na Mjerumani mwenyewe. Nilikwangua rangi ya dhahabu kwa msasa, nikaloweka chuma kwenye rubisi, pombe ya ndizi, iliyochacha ikawa siki, nikatia chumvi, nikakitundika kikiwa kimelowa mpaka kishike kutu, halafu nikapaka masizi na nta. Siku nne, tano, chuma kimezeeka. Wateja niliwaambia ni ili vyuma vipatane na mbao. Na kweli vilipatana. Ila hakuna chuma kilichotoka kwangu kuingia nyumba ya watu kikiwa kinang'aa, na sababu yake sikumwambia mtu.

Halafu shangazi akapiga simu kutoka Muleba. Mlango wa kabati la babu ulikuwa umeanguka, bawaba zimeliwa na kutu, vikombe viko wazi kwa mende, na Jumamosi jumuiya ingesali nyumbani kwa bibi. Ilikuwa Jumatano. Nilinunua bawaba nne, na Alhamisi nikashuka Muleba nazo mfukoni bado mpya, nikiomba njia nzima nipate namna ya kuzizeesha kabla sijazifunga.

Mvua ilikuwa imelala juu ya kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba, tangu asubuhi. Migomba ilikuwa myeusi, na ndani ya nyumba mchana ulifanana na jioni. Bibi alikuwa kitandani katika chumba kinachotazamana na sebule, mlango wazi, na macho yake yalikwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati. Alikuwa anakohoa. Si kikohozi cha mafua. Kilikuwa kirefu na kikavu, kama mtu anayekokota kiti kwenye sakafu ya saruji. Shangazi alininong'oneza kwamba kimezidi tangu mvua zianze.

Nilimwamkia bibi, nikamwambia nitazichukua bawaba nikazitengeneze kwanza, nizifunge baadaye.

"Funga sasa nione mlango unasimama," alisema.

"Waitu bibi, bado hazijaiva."

"Ni bawaba au ni ndizi?"

Shangazi alicheka, akasema ndiyo hasara ya kusoma usiku, mtu anasoma gizani na akili inabaki gizani. Nikafunga. Skrubu ya mwisho ilipokaza, nikarudi nyuma kutazama. Zile bawaba ziling'aa kiasi kwamba jogoo aliyekuwa amejikinga mvua mlangoni alinyanyua shingo kama anataka kuwika upya. Nyumba nzima giza, nne zile tu ndizo zilizowaka kama macho.

Alasiri ile kikohozi kiliongezeka. Niliketi sebuleni nikihesabu pumzi za bibi. Kupitia dirisha niliona kaburi la babu katikati ya migomba, na pembeni yake ile nafasi ambayo bibi mwenyewe alikataza isipandwe kahawa. Siku zote niliipita bila kuiangalia. Siku hiyo niliiona kila nilipoinua kichwa, na kila nilipokishusha niliona bawaba. Nikazipaka masizi ya sufuria. Yakateleza. Ule mng'ao ulikuwa umepakwa juu ya chuma kama ngozi, hakuna kitu kinashika.

Ijumaa asubuhi shangazi alitoka chumbani na bakuli la uji halijaguswa. Nikachukua bisibisi, nikazing'oa zote nne.

Siku tano sikuwa nazo, nilikuwa na masaa. Nikakumbuka kemia. Ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, ukiikutanisha na siki, inakula chuma mbele ya macho yako. Mwalimu alisema na jambo jingine kuhusu mchanganyiko huo, namwona hadi leo amenyanyua kidole, lakini jioni ile nilikuwa nimepiga randa tangu alfajiri na nikalala na kalamu mkononi. Nikazikwangua bawaba kwa msasa. Rubisi iliyochacha ilikuwepo jikoni, dawa ya nguo nikaikuta bafuni. Kwa kuwa nje mvua inamwagika, nikaweka beseni ukumbini, hatua tatu kutoka mlango wa bibi.

Kutu ilikuja mbio kama imeitwa. Chuma kilibadilika rangi nikikitazama, chekundu, kahawia, cheusi pembeni, na mimi nimechuchumaa pale nacheka peke yangu kwa kukishinda kifo. Kisha macho yakaanza kuwasha. Hewa juu ya beseni ilikuwa na rangi, kijani kilichochanganyika na njano, na haikupanda kama moshi. Ilimwagika nje ya beseni, ikatambaa sakafuni, ikaingia chumbani kwa bibi.

Alikohoa mara tatu. Halafu kikohozi kikakatika. Kukatika huko ndiko kulikonigandisha. Nilisikia mvua tu juu ya bati.

Shangazi alipita akiwa na kanga puani, akamtoa bibi amembeba mgongoni kama mzigo wa kuni, akamketisha barazani. Midomo ya bibi ilikuwa imegeuka rangi. Shangazi akarudi, akalipiga beseni teke hadi kwenye migomba, akaniuliza nimewasha nini humu ndani. Nilisimama na bawaba mbili mkononi, zimezeeka miaka mia, na nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba nimechelewa kwa dakika tano.

Jirani mwenye gari aliwapeleka kituo cha afya. Mimi nilibaki nimefungua milango na madirisha yote, nikikaa kwenye mvua nikiitazama ile nafasi isiyopandwa kahawa.

Walirudi Jumamosi kabla ya saa sita, bibi ameketi kiti cha mbele. Alipumua taratibu, sauti imekwaruzika, lakini alipumua. Jumuiya ilikuja, ikasali, mlango wa kabati umeegemezwa ukutani na vikombe vinatazama watu. Walipoondoka akaniita, akaniambia nimweleze. Nikamweleza yote, fundi wa Kashai, nyumba ya Nyanga, watu watatu, hata ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema nimletee mojawapo ya zile bawaba mbovu za zamani nilizozing'oa kwanza. Akaigeuza kiganjani.

"Hii si ya babu yako," alisema. "Za kwake zilikatika akiwa hai. Hizi nilinunua mimi, mpya, wiki moja baada ya kumzika. Zimeng'aa humu ndani miaka miwili na hakufa hata kuku. Baadaye kabati lilikaa jikoni, zikawa nyeusi kwa moshi wa kuni, na moshi huohuo ndio daktari anasema umekula kifua changu. Bawaba haiui mtu, mwijukuru. Jana uliyetaka kuniua ni wewe na beseni lako."