Nilichagua Mwenyewe Pa Kujifungulia

Mimba yangu ya kwanza niliigundua kwa harufu ya kitambaa. Nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja Kashai, hapa Bukoba mjini, nikishona sare za shule, kazi niliyoifanya miaka minne bila hata kuugua mafua. Asubuhi hiyo nilipofungua jora jipya la kitambaa cha bluu, tumbo lilinipanda hadi kooni, nikakimbilia nyuma ya duka. Niliporudi najifuta mdomo kwa kanga, mwenye cherehani ya jirani, mama mmoja wa Kiislamu aliyezaa watoto sita, aliniangalia akacheka.

"Hongera mwanangu. Sasa usikae. Kaanze kliniki."

Mume wangu ni dereva wa lori. Hubeba kahawa na ndizi kutoka Bukoba kwenda Mwanza, wakati mwingine zaidi ya hapo, na anaweza kumaliza wiki tatu hajalala nyumbani. Nilimpigia akiwa Biharamulo. Nikamsikia anamwambia mtu aliyekuwa naye, "Bwana, nitaitwa baba." Aliniambia nichague hospitali nzuri, nisiangalie kitu kingine. Nilijiona mtu mkubwa siku ile. Nilikuwa na jambo la kuchagua.

Nikaenda kwenye hospitali moja ambayo watu waliisifu kwamba ina madaktari na vipimo vyote. Nilivaa gauni langu la kanisani. Tulikaa kwenye benchi wanawake kama ishirini, wengine na waume zao, na muuguzi aliyekuwa akiandikisha alikuwa anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Yuko safarini," nikasema.

"Waume zenu wote wako safarini." Benchi zima likacheka. "Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua kwamba huna mwenza, ndipo urudi upimwe."

"Lakini mume ninaye."

"Basi mlete. Anayefuata!"

Nilielewa nia yao. Walitaka baba naye apime, watu wote wawili wajue afya zao. Ni jambo jema. Lakini nilitoka pale nikitazama viatu vyangu, nikapita ofisi ya mtaa bila kuingia, kwa sababu kila nilipoifikiria ile barua niliona maneno yenyewe yameandikwa: huyu hana mume. Nilifunga ndoa kanisani mbele ya wazazi wangu. Nikasema sirudi pale, hata kama wana mashine za Ulaya nzima.

Yule mama wa cherehani ndiye aliyeniambia kuhusu zahanati moja ndogo, vyumba vitatu na kibaraza. "Kuna mkunga pale, mgeni wa huku. Ana mikono."

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, asiyejua Kihaya hata cha salamu. Naye aliniuliza habari za mume. Nilipomjibu kuwa yuko safarini alisema, "Akirudi mje wote. Leo tuanze na wewe." Basi. Nilitaka kulia kwa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi. Alinipima uzito, damu, mkojo na presha, akaniandikia kadi kwa mwandiko wa duara kama wa mwalimu. Mimba ilipokua aliweka kile kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo langu, akainamisha sikio, akafumba macho. Kisha akaanza kugonga goti langu kwa kidole, haraka haraka, ili nami nijue moyo wa mtoto unavyokwenda.

"Unamsikia? Anakimbia huyu."

Mume wangu aliporudi tulikwenda wote, akapimwa bila maneno. Nyumbani akaniambia, "Huyu ndiye atakayekuzalisha." Nikasema ndiye.

Mimba ilipofika mwezi wa saba mkunga alinipima presha mara mbili, akanipumzisha, akanipima ya tatu. Alikunja uso.

"Imepanda. Si sana, lakini siipendi. Hapa kwangu hutajifungulia, mama. Nitakuandikia rufaa ya hospitali."

"Mimi nakutaka wewe."

"Mimi sina chumba cha upasuaji. Sina damu ya kukuongezea. Nina mikono tu, na mikono haitoshi." Aliikunja karatasi ya rufaa akaichomeka ndani ya kadi yangu. "Rudi baada ya wiki mbili tuone imefika wapi. Na ukiumwa kichwa, au ukaona vimulimuli machoni, usisubiri tarehe."

Niliporudi baada ya wiki mbili nilikuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa kufuli. Amehamishwa, wakaniambia, amepelekwa wilaya nyingine, aliondoka Jumanne. Muuguzi aliyekuwepo aliichukua kadi yangu akaitazama.

"Kipimo cha presha kimeharibika. Unajisikiaje?"

"Vizuri," nikasema.

Akaandika: vizuri.

Nimelifikiria sana neno lile. Miguu yangu ilikuwa imeanza kujaa, viatu vya kufunga nilikuwa nimeviacha, natembea na ndala za mume wangu. Lakini kila mtu aliniambia miguu ya wajawazito hujaa, na mimi nilitaka kuamini. Nilibaki na rufaa mkononi, na rufaa ile kwa pale mjini ilikuwa na maana moja tu kwangu: lile benchi.

Mama yangu alikuwa akipiga simu kila jioni tangu mwanzo. Yuko Muleba, kijijini kwetu, kwenye kibanja cha ndizi na kahawa alichoachiwa na marehemu baba. "Mimba ya kwanza hurudi kwa mama," alikuwa akisema. "Na huku hospitali ya masista haiko mbali. Unaogopa nini?" Nikaona nimepata jibu linalofunga kila kitu. Nitakuwa na mama, na hospitali iko hapo. Mume wangu alinipandisha kwenye lori akielekea Mwanza, akanishusha kwa mama mwanzoni mwa mwezi wa nane. Akasema atapita kuniletea mahitaji na kukaa nami Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Jumatatu twende ukaandikishwe," mama alisema siku ileile.

"Tumsubiri Jumamosi, twende naye."

"Kwani yeye ndiye anayezaa?"

Sikumweleza habari za benchi. Nilisema tu kwamba siku hizi hospitali zinataka mume. Mama akakubali kusubiri, maana mambo ya siku hizi hakuwa na uhakika nayo.

Siku ya Alhamisi alikuja shangazi wa marehemu baba, bibi aliyekuwa mkunga wa kijiji kile kabla ya watu kuanza kwenda hospitali. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake. Nilidhani atanipaka mafuta, aniambie mtoto amelala vizuri, anisifie nyonga. Hakugusa tumbo. Aliketi kwenye mkeka, akauchukua mguu wangu akauweka juu ya paja lake, akabonyeza mfupa wa mbele kwa dole gumba. Alipoondoa dole lile pakabaki shimo. Akalitazama. Mimi pia nikalitazama. Halikuondoka.

"Mwana wange," akasema kwa Kihaya, "haya maji si ya mtoto. Kichwa kinakuuma?"

"Kidogo tu."

Kilikuwa kinaniuma tangu Jumanne, kama mtu amenifunga kamba kwenye paji la uso.

Akamgeukia mama. "Huyu asilale hapa zaidi ya leo. Kesho kukicha apelekwe. Mimi nilishika mmoja wa namna hii zamani, na sitaki kushika mwingine."

Mama aliinuka palepale, akaanza kupanga kanga kwenye beseni. Na mimi nikasema hapana. Nataka niseme wazi jinsi nilivyosema, kwa sababu nimesikia hadithi hii ikisimuliwa vingine. Mama alitaka twende. Bibi alitaka twende. Mimi nilisema Jumamosi, mume wangu anakuja Jumamosi, nitakwenda naye na siendi kusimama mbele ya watu kuulizwa. Mama akasema hakuna wa kukuuliza. Nikasema unajuaje, wewe ulizaa lini? Nikalia. Nikasema akinilazimisha nitapanda gari nirudi Bukoba. Mama ni mjane, mimi ndiye mtoto wake wa pekee aliye hai. Aliiondoa ile kanga kwenye beseni.

"Siku mbili tu, basi," akasema.

Bibi alisimama kwa fimbo yake akatutazama wote wawili. Alikwenda bila kuaga.

Ijumaa nilijitahidi nionekane mzima. Nilikaa na mama jikoni tukimenya ndizi za mchana. Nakumbuka kisu, nakumbuka utomvu ukinigandia vidoleni. Kisha nikaona nuru nyeupe upande wa kushoto, inamemeteka kama jua kwenye bati jipya. Nikamwambia mama, "Mbona kuna mwanga?" Hilo ndilo neno langu la mwisho la siku ile.

Yaliyofuata niliambiwa. Nilianguka nikakakamaa, povu likanitoka. Mama alipiga kelele, jirani akaja na pikipiki. Wakaniweka katikati, mama nyuma yangu, wakatufunga pamoja na jirani yule kwa kanga mbili ili nisidondoke. Degedege lilinishika tena njiani. Mama anasema alikuwa akinishikilia tumbo njia nzima, na kuna mahali alihisi mtoto amecheza, halafu hakuhisi tena. Mahali penyewe anapajua. Kila anapopita pale hugeuza uso.

Nilizinduka Jumapili. Nilijua ni Jumapili kwa kengele. Tumbo lilikuwa na kidonda cha upasuaji na lilikuwa bapa. Muuguzi mmoja aliniona nimefumbua macho, akaja, akavuta kiti akaketi. Hakuzungumza akiwa amesimama, na kwa hilo nilijua.

"Mama, pole. Mtoto alikuwa wa kike. Mlipofika moyo wake ulikuwa umeshasimama. Tulikupigania wewe."

Nikauliza yuko wapi. Akasema mama yangu ameshamchukua, wamekwenda kumpumzisha.

Nililala pale siku tisa. Walinipima presha asubuhi na jioni, walinichoma sindano, walinigeuza ubavu, walinisafisha bila kununa. Na katika siku zote hizo hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mume wangu yuko wapi. Hata mmoja. Nilikuwa nikisubiri waulize. Nilikuwa nikilala nimeandaa jibu.

Maziwa yalikuja siku ya tatu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatakuja. Kwenye kitanda cha jirani yangu kulikuwa na kichanga, na kila kilipolia gauni langu lililowa kifuani. Mama alinifunga kwa kitambaa, akanikaza, huku anasema kwa Kihaya maneno ya kumbembeleza mtoto, sijui alikuwa anamwambia nani.

Waliomzika ni wanawake, kwenye kibanja, nyuma ya nyumba. Kwetu mtoto ambaye hakulia hafanyiwi matanga. Niliporudi nilionyeshwa mahali, chini ya migomba, majani makavu yametandazwa juu kama sehemu nyingine zote. Nisingeonyeshwa nisingejua. Hakuwa na jina. Nilimpa moja kichwani mwangu na sijalitamka kwa mtu.

Bibi alikuja kuniona. Aliketi mkekani karibu nami tangu asubuhi mpaka mchana. Nilisubiri aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Alinishika mguu uleule, mkavu sasa, mwembamba, akaukalisha mapajani mwake akawa anausugua tu. Ningefurahi kama angenitukana.

Mume wangu alikuwa amefika Jumamosi ile kama alivyoahidi, na vitenge viwili na beseni la plastiki la kumwogeshea mtoto. Alimkuta mama mlangoni. Sikuwepo, nilikuwa hospitalini sijitambui, lakini najua walichozungumza kwa sababu mama mwenyewe aliniambia baadaye, usiku wa kwanza niliporudi nyumbani.

"Aliniuliza kwa nini hatukwenda mapema," mama alisema. "Nikamwambia ni mimi. Nimemwambia nilitaka ujifungulie nyumbani kama nilivyojifungua mimi."

"Mama, kwa nini?"

"Wewe utaishi naye. Mimi haishi nami."

Nilipaswa kumwita mume wangu palepale. Alikuwa uani, nilisikia anakohoa. Nilikuwa nimechoka, kidonda kinaniuma, na, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Nikasema nitamwambia kesho.

Tulirudi Kashai mwezi uliofuata. Nimerudi kwenye cherehani. Mume wangu ananitunza kuliko zamani. Akiwa safarini ananipigia mara mbili kwa siku, na ameshasema mimba ijayo ataacha lori akae nami mpaka mwisho. Lakini tangu siku ile hajamwita mama yangu "mama". Anasema "yule". Mama akipiga simu naye yupo, hutoka nje. Sikukuu mbili zimepita hatujakanyaga Muleba.

Nilijaribu mara moja. Ilikuwa mchana, anakula, nikaketi mbele yake nikasema, "Kuna jambo kuhusu ile Ijumaa. Mama hakukueleza sawasawa."

Aliweka kijiko chini. "Nakuomba," akasema kwa upole, "usimtetee yule mwanamke mbele yangu."

Akaendelea kula. Nilisubiri amalize, nikachukua sahani, nikaenda kuiosha.